LAINA YA JIKO IKIVUNJIKA: PIMA KWANZA, NDIPO UNUNUE



Katika vikundi tunavyotembelea, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, hasa na akina mama: "Jiko langu la makaa limevunjika udongo wa ndani. Sasa nifanye nini? Ninunue lingine?" Wengine hawaulizi hata. Wanaendelea kupika hivyo hivyo, makaa yakianguka chini kwenye majivu, na debe ambalo zamani lilifika mwisho wa wiki sasa linaisha siku ya nne. Na wengine wanaenda sokoni, wananunua jiko jipya mzima mzima, lile la zamani linatupwa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo.

Jibu letu ni hili: jiko halifi kwa sababu udongo umevunjika. Kama bati lake bado ni zima, udongo wa ndani unaweza kubadilishwa, na kazi hiyo unaweza kuifanya wewe mwenyewe nyumbani. Haihitaji mashine. Inahitaji kamba, rula ya mtoto wa shule, nyundo ndogo na subira ya wiki moja. Lakini jambo moja ni la lazima, nalo ndilo watu wengi wanaliruka: kupima. Tumeona laina mpya nyingi zikipasuka kabla ya mwezi mmoja. Mara nyingi udongo wenyewe haukuwa na kosa. Hapakupimwa, basi.

JIKO HILI LILITOKA WAPI?

Zamani jiko la makaa lilikuwa la bati tupu. Mwaka wa 1981 kulifanyika mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa hapa Nairobi kuhusu nguvu mpya za moto na umeme. Katika miaka hiyo wataalamu wa Kenya, pamoja na mafundi wa jua kali, walilichunguza jiko la ndoo la kule Thailand ambalo lina udongo ndani. Walilibadilisha kulingana na sufuria zetu na mapishi yetu. Ugali unasongwa kwa nguvu, na jiko lisilosimama imara linapinduka. Kwa hiyo wakalipa umbo tunalolijua leo: pana juu, pana chini, jembamba kiunoni. Baadaye jiko hili lilivuka mipaka likafika nchi nyingine za Afrika, Uganda, Tanzania na Ethiopia zikiwemo.

Vipimo vilivyofanywa vilionyesha kwamba jiko lenye udongo linaweza kupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na lile la bati tupu. Angalia lakini: hiyo ni kama udongo uko mzima na umekazwa vizuri. Udongo ukivunjika, umerudi kwenye bati tupu, ila wewe unafikiri bado una jiko la kisasa.

JIKO LINA NINI NDANI?

Hebu tulitazame jiko lako kutoka nje kwenda ndani. Kuna sehemu tatu.

Ya kwanza ni bati. Hili linashika kila kitu, lina miguu, mkono, mlango mdogo wa kuingiza hewa, na vile vyuma vitatu vya juu vinavyobeba sufuria.

Ya pili ni ule udongo uliochomwa, wenye matundu chini, ambapo makaa hukaa. Mafundi wengi huuita laina, na sisi tutauita hivyo.

Ya tatu haionekani, na ndiyo maana inasahauliwa. Ni ule mchanganyiko uliojazwa katikati ya laina na bati. Fundi mzuri hutumia simiti pamoja na vamikulaiti, yaani yale madini mepesi yanayong'aa kama magamba ya samaki, ambayo yamepashwa moto mpaka yakafura. Ndani yake kuna hewa nyingi ndogo ndogo, na hewa iliyofungwa ni kama blanketi. Mnakijua kile kikapu cha kuhifadhi chakula kikiwa moto, kile kinachojazwa nguo kuukuu au majani makavu? Kazi ni ile ile. Bati hupeleka moto nje haraka, udongo huuchelewesha, na blanketi hili la katikati huurudisha kwenye sufuria.

Kwa hiyo blanketi ni lazima lipate nafasi. Laina ikiwa kubwa mno, inagusa bati, hakuna blanketi. Tena udongo ukipata moto hufura kidogo, na usipokuwa na mahali pa kufuria unapasuka. Laina ikiwa ndogo mno, unajaza simiti nyingi, jiko linakuwa zito kama jiwe, na mahali pa makaa panakuwa padogo hata chai ya watu wanne haichemki. Sasa mmeona kwa nini tunasema pima kwanza.

NI WAKATI GANI WA KUBADILISHA?

Si kila ufa ni kifo. Ufa mwembamba kama unywele, ambao haupanuki, uache. Laina nyingi zinapata ufa wa namna hiyo na zinaendelea kufanya kazi. Badilisha ukiona mojawapo ya mambo haya:

1. Matundu ya chini yameungana yakawa shimo, na makaa yanayowaka yanaanguka kwenye chumba cha majivu.

2. Kipande cha ukuta wa laina kimetoka, na unaliona bati au simiti kupitia hapo.

3. Laina inacheza ukiisukuma kwa kidole jiko likiwa baridi.

4. Bati la nje limebadilika rangi upande mmoja, limekuwa la samawati au jeusi lililoungua. Hapo moto unapita.

Kabla hujatoa senti yoyote, kagua bati nalo. Ligeuze, ligonge gonge. Likiwa limeliwa na kutu pale kiunoni mpaka kidole kinapenya, usiweke laina mpya humo. Ni kama kushona kiraka kipya kwenye nguo iliyooza. Lakini mguu uliolegea, mlango uliotoka au chuma kimoja cha kubebea sufuria, hivyo fundi wa jua kali anaweza kuvirudisha kwa gharama ndogo. Vitengenezwe kwanza, kabla ya laina kuingia, maana nyundo ya fundi na udongo mpya havipatani.

KUTOA LAINA YA ZAMANI

Jiko liwe baridi kabisa. Afadhali lisipikiwe tangu jana yake. Mwaga majivu yote. Tandika gunia chini, lifunike jiko kichwa chini juu ya gunia, na ugonge bati pole pole kwa mti, ukizunguka. Vipande vilivyolegea vitaanguka vyenyewe.

Vilivyobaki vitoe kwa patasi au bisibisi kuukuu na nyundo ndogo. Anza katikati ukienda kando, wala usielekeze patasi kwenye bati. Funga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu lile vumbi si zuri kwa kifua, na watoto wakae mbali. Mwisho sugua bati kwa brashi ya waya au kwa gunzi na mchanga mpaka kutu ya juu iondoke.

Usitupe vipande. Mkiwa na mfinyanzi karibu mpelekee. Vikisagwa, unga wake huchanganywa na udongo mbichi ili vyungu visipasuke vikichomwa.

KUPIMA

Hapa ndipo penyewe. Tunahitaji vipimo vitatu vya bati: mdomo, kiuno na kina. Chukua karatasi uandike, usiamini kichwa. Njiani kwenda sokoni utakutana na watu, mtazungumza habari za mazishi na harusi, na ukifika umesahau.

Kipimo cha kwanza: mdomo. Chukua kamba isiyovutika, uzi wa sisal ni mzuri, uzi wa sweta haufai. Uzungushe bati chini kidogo tu ya ule ukingo wa juu uliokunjwa. Weka alama pale kamba inapokutana, halafu inyooshe kwenye rula. Tuseme umepata sentimita 88.

Kipimo cha pili: kiuno. Fanya vile vile pale bati linapokuwa jembamba kabisa.

Kipimo cha tatu: kina. Weka mti ulionyooka juu ya mdomo wa jiko, toka upande huu hadi ule. Teremsha rula kutoka kwenye mti mpaka usawa wa kiuno. Tuseme ni sentimita 13.

Sasa unaenda kwa muuza laina na kamba yako na karatasi yako. Zungusha kamba kwenye mdomo wa laina, kwa nje. Tuseme umepata sentimita 79. Je, laina hii inakufaa? Hesabu yake ni nyepesi:

Kamba ya bati 88, ondoa kamba ya laina 79, inabaki 9.

Gawanya hiyo 9 kwa 6, unapata 1 na nusu.

Hiyo sentimita moja na nusu ndiyo nafasi itakayobaki kati ya laina na bati, kuzunguka pande zote. (Anayetaka kujua kwa nini tunagawanya kwa 6 amwulize mwanafunzi wa hesabu. Ni mara mbili ya ile 22 juu ya 7, tumeipunguza kidogo ili iwe rahisi sokoni.)

Kanuni ya kukumbuka ni hii: pale mdomoni nafasi iwe kati ya sentimita 1 na sentimita 2, yaani karibu upana wa kidole kimoja. Chini ya nusu sentimita, irudishe hiyo laina. Zaidi ya sentimita 3, irudishe pia.

Kiunoni mambo ni tofauti kidogo. Pale nafasi iwe ndogo, maana kile kiuno ndicho kinachoibeba laina. Kitako cha laina kikiwa chembamba kuliko kiuno, laina itapenya na kushuka kwenye chumba cha majivu. Kikiwa kipana mno, laina itakwama juu na kuchomoza nje ya mdomo. Hapo vile vyuma vitatu havikunjiki vizuri, sufuria inayumba, na moto unatoroka pembeni badala ya kupiga kitako cha sufuria.

Na kimo cha laina kiwe pungufu ya kile kina ulichopima, kwa karibu sentimita moja. Kwa mfano wetu wa 13, tafuta laina ya kimo cha 12. Ile sentimita moja ni ya kitanda cha simiti ambacho laina italalia.

Mwingine atasema, "Mbona nisipime tu laina ya zamani?" Pima ukitaka, kama imetoka nzima. Lakini kumbuka pengine ilipasuka mapema kwa sababu haikutosha. Bati ndilo shahidi wa kweli.

KUCHAGUA LAINA SOKONI

Vipimo vikikubali, bado usilipe. Iinue laina kwa mkono mmoja, uigonge kwa kiungo cha kidole. Ikilia kama kengele ndogo, ni nzima na imeiva. Ikitoa sauti nzito ya kufa, ina ufa uliofichika au haikuchomwa vya kutosha.

Ikwaruze kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ikitoa unga, bado ni mbichi. Tazama rangi, iwe moja pande zote. Tazama unene wa ukuta, usiwe mnene huku na mwembamba kule. Inua laina utazame mwanga kupitia matundu: yote yawe wazi. Mengine huwa yamezibwa na udongo wakati wa kufinyanga, na jiko lisilopata hewa haliwaki vizuri.

Muuzaji akikataa laina isigongwe, mpite.

KUWEKA LAINA MPYA

Vitu vya kuandaa: simiti, vamikulaiti, maji safi, mwiko wa kupakia au kijiko kikubwa, vipande vitatu vya mti vyenye unene sawa na ile nafasi uliyopata (kwa mfano wetu ni sentimita 1 na nusu), na magazeti ya zamani au majani makavu ya mgomba.

Mchanganyiko. Kopo moja la simiti kwa makopo manne ya vamikulaiti, kopo ni lile lile. Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Ukiufinya mkononi ushikane bila kudondosha maji. Pasipopatikana vamikulaiti, tumia majivu ya kuni yaliyochekechwa, makopo matatu kwa kopo moja la simiti. Hayafikii vamikulaiti lakini yanasaidia. Mchanga na simiti peke yake usitumie. Mchanganyiko huo ni mgumu, unapitisha moto, na unaibana laina mpaka inapasuka.

Tukishakuwa na mchanganyiko, tunafuata hatua hizi:

1. Tumbukiza laina kwenye maji kwa dakika chache, uitoe, uache maji ya juu yachuruzike. Udongo mkavu hunywa maji ya simiti kabla simiti haijashika.

2. Ziba matundu ya laina kwa magazeti au majani kutoka juu, ili simiti isiingie.

3. Lowesha bati kwa ndani. Kama kuna vibati vidogo vilivyokunjwa kiunoni, vinyooshe vielekee katikati. Tandika mchanganyiko kuzunguka kiuno, unene wa sentimita moja.

4. Teremsha laina pole pole ukiizungusha kidogo ikae. Usiipige.

5. Ingiza vile vipande vitatu vya mti kati ya laina na bati, kila kimoja mahali pake kama mafiga. Sasa laina iko katikati, haiwezi kuegemea upande mmoja.

6. Weka sufuria yenye maji kidogo juu ya vile vyuma vitatu. Maji yakiegemea upande mmoja, rekebisha sasa, maana kesho utakuwa umechelewa.

7. Jaza mchanganyiko pembeni kidogo kidogo, ukishindilia kwa kijiti ili pasibaki mapango. Ukifika nusu, toa vipande vya mti, halafu endelea kujaza mpaka juu.

8. Juu kabisa ongeza simiti kidogo kwenye mchanganyiko uliobaki, upake ukingo laini wenye mteremko kuelekea ndani. Ukingo huu huzuia chai iliyofurika na mchuzi kupenya chini.

9. Ingiza mkono chumba cha majivu, ufute simiti iliyodondoka. Toa magazeti kwenye matundu.

Kazi yote hii ni kama saa moja na nusu kwa mtu anayeanza. Wawili wakisaidiana ni rahisi zaidi, mmoja anashika, mwingine anajaza.

KUSUBIRI

Hii ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu watoto wanataka kula. Funika jiko kwa gunia bichi, ulinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 3. Kisha ondoa gunia, uliache kivulini kwa siku 4 nyingine. Jumla ni wiki moja. Usilianike juani, na usiwashe moto "kidogo tu" ili likauke haraka. Maji yaliyomo kwenye simiti yakipata moto hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia, na njia yake ni kupitia laina yako mpya.

Kwa hiyo panga kabla. Azima jiko kwa jirani, au pikia kuni wiki hiyo. Katika kikundi kimoja wanawake walikubaliana kuwa na jiko moja la kikundi ambalo huzunguka kwa yule anayesubiri lake likauke. Ni wazo ambalo vikundi vingine vinaweza kuliiga bila kuombea msaada mahali popote.

Siku ya nane washa makaa machache, kiganja kimoja tu, yawake nusu saa, uyaache yapoe yenyewe. Siku ya tisa ongeza. Siku ya kumi pika maharagwe.

KULITUNZA

Usimwage maji kwenye laina ikiwa moto. Tabia hii ya kuzima makaa kwa maji ndani ya jiko imeua laina nyingi. Ukitaka kuhifadhi makaa yaliyobaki, yatoe kwa koleo, uyafunike kwenye kopo lenye kifuniko, na kopo likae nje ya nyumba. Usivunje makaa makubwa ndani ya jiko kwa kuyagonga. Yavunje kabla. Toa majivu kila siku, maana yakijaa yanaziba hewa na kuunguza bati la chini. Na ugali ukisongwa, shika mkono wa sufuria vizuri, usilifanye jiko kuwa ndilo linalopigana na mwiko.

NENO ZITO KUHUSU HEWA YA SUMU

Hatuwezi kufunga mazungumzo haya bila kusema jambo hili. Katika sehemu zetu za baridi, kama Limuru, Kinangop na Molo, jiko ni la kupikia na pia ni la kuota. Usiku ukiwa mkali watu huliingiza chumba cha kulala na kufunga mlango na dirisha. Na wengine hufikiri kwamba jiko likiwa na laina mpya, halitoi moshi, basi halina hatari.

Si hivyo. Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haikohozeshi kama moshi. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya ile hewa safi tunayoihitaji. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuchoka, halafu usingizi. Aliyelala tayari hasikii dalili hizo, na anaweza asiamke. Laina nzuri inapunguza makaa unayotumia. Haiondoi sumu hii.

Kwa hiyo, hata uwe na jiko zuri namna gani: liwashie nje, lipikie mahali penye dirisha au mlango wazi, na usilale nalo chumbani, hata likiwa na makaa mawili yaliyofunikwa majivu. Ukimkuta mtu amelegea ndani ya chumba chenye jiko, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa, toa jiko, na umkimbize hospitali hata kama amezinduka. Kumbukeni pia kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majikoni ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Wengi wa wanaokaa karibu na moto ni akina mama na watoto.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikapanda sehemu nyingi. Kila mama alijionea mwenyewe sokoni. Basi tusikisie, tuhesabu. Chukua debe moja la makaa ukiwa na jiko lililovunjika, andika kwa chaki ukutani siku ulipoanza na siku lilipoisha. Badilisha laina, ufanye vile vile kwa mapishi ya kawaida.

Tuseme debe lilikuwa la siku 4 na sasa ni la siku 6. Kwa mwezi wa siku 30 ulikuwa ukinunua madebe 7 na nusu, sasa unanunua 5. Umebakisha madebe mawili na nusu kila mwezi. Zidisha kwa bei ya soko lenu, halafu linganisha na bei ya laina moja na simiti kidogo. Hesabu hiyo ikisomwa mbele ya kikundi inaeleweka kuliko hotuba yetu.

Mnaweza pia kununua vamikulaiti na mfuko mmoja wa simiti kwa pamoja, maana hakuna mtu anayehitaji mfuko mzima kwa jiko moja. Chagueni wawili wa kupima majiko ya wanachama wote siku moja, waandike kwenye daftari, na mtu mmoja aende sokoni na orodha. Atapata bei nzuri zaidi, na ataokoa nauli za watu kumi. Kazi yenyewe ifanywe kwa zamu, nyumba kwa nyumba, ili kila mmoja ajifunze kwa mikono yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni majiko mangapi katika kikundi chetu yana laina iliyovunjika? Nani atayakagua, na lini?

2. Kila mmoja wetu anatumia madebe mangapi ya makaa kwa mwezi? Pesa hizo hutoka kwa nani nyumbani, na nani huamua?

3. Je, kuna nyumba kwetu ambazo watu hulala na jiko ndani? Tutawaambiaje bila kuwaaibisha?

4. Kuna mfinyanzi au fundi wa bati karibu nasi ambaye tunaweza kumpa kazi badala ya kununua mbali?

Mkishajaribu, tuleteeni vipimo vyenu na hesabu zenu tutakapowatembelea, tuzipitie pamoja.